Namna ya kuitunza jinzi idumu kwa jua, jasho na maji ya Dar

Jinzi ni nguo ngumu, na ugumu huo ndio unaoiponza. Kwa sababu kila mtu anajua ni ngumu, inafuliwa kama mkeka. Inalowekwa usiku kucha kwenye sabuni ya unga isiyopimwa, asubuhi inatandikwa kwenye sakafu ya saruji, inapigwa brashi mpaka povu ligeuke bluu, inakamuliwa na watu wawili, huyu huku na yule kule, halafu inaanikwa jua la saa saba mchana. Baada ya miezi michache mwenye nguo analalamika kwamba mitumba ya siku hizi haina ubora.

Jinzi nzuri ya soko la mitumba la Karume, au mpya ya Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, inaweza kukaa miaka. Kazi kubwa iko sehemu mbili: namna inavyofuliwa, na siku unayoamua kuipeleka kwa fundi. Hapo nitakaa. Mengine tutayapitia haraka.

Ijue nguo yenyewe

Kunja mguu wa jinzi yako utazame kitambaa kwa karibu, nje na ndani. Nyuzi za wima ni za bluu, za mlalo ni nyeupe. Nje bluu imetawala kwa sababu ufumaji unazileta nyuzi za wima juu. Ndani weupe unaonekana zaidi. Rangi yenyewe ni nili, na nili haizami hadi kati ya uzi. Inakaa pembeni, kati panabaki peupe. Kwa hiyo kila msuguano unakwangua tabaka la juu, na weupe wa ndani unatokeza. Magoti, kingo za mifuko na pindo la chini hupauka kwanza kwa sababu ndipo panaposuguliwa zaidi. Ukishika brashi ngumu, unafanya kazi hiyohiyo ya magoti, tena kwa haraka kuliko magoti.

Kisha soma lebo ya ndani. Kuna jinzi za pamba tupu, na kuna zenye asilimia moja, mbili au zaidi ya nyuzi za kuvutika, elastane. Kama lebo imekatwa, jambo la kawaida kwenye mtumba, vuta kitambaa kwa upana: kikinyumbuka na kurudi, zimo. Jinzi ya namna hii haitaki maji ya moto, haitaki pasi kali na haitaki jiki kabisa. Ile hali ya magoti kutoka matuta na makalio kuning'inia ni nyuzi hizo zimekufa, na hakuna fundi wa kuzifufua.

Hatua ya kwanza: nunua yenye uhai

Utunzaji unaanza pale pale kwenye lundo. Inua suruali kwenye mwanga, panua msamba, tazama mapaja kwa ndani. Kama mwanga unapita kwa wingi au unaona nyuzi nyeupe za mlalo zimebaki peke yake, mwenzako aliyeivaa kabla yako ameshaimaliza, hata kama magoti bado yana bluu ya kupendeza. Irudishe. Pandisha na kushusha zipu mara kadhaa. Vuta kila kishikizo cha mkanda. Kuhusu kiuno, chukua kinachokutosha sasa. Jinzi inayokubana sana itakupasukia msamba siku unapanda daladala, mbele za watu.

Hatua ya pili: kabla hujaivaa

Jinzi mpya ya bluu iliyokolea huchuja. Utaambiwa uiloweke kwenye chumvi, au siki, au vyote viwili, ili rangi "ishike". Kwa nili haisaidii. Chumvi ina kazi kwenye rangi za aina nyingine, zile za pakiti za kuchemshia nguo, na siki ina kazi kwenye rangi za sufu. Nili ikishakauka kwenye uzi haiyeyuki kwenye maji. Unachokiona kikichuja ni chembe za ziada ambazo hazikushika tangu kiwandani. Zitoe tu: iloweke peke yake kwenye maji baridi, isuuze, ianike. Fua peke yake mara mbili tatu za mwanzo. Na usiivae siku hizo na raba nyeupe, wala usikalie kochi la watu la rangi ya maziwa.

Kama unataka kuikata urefu, ifue kwanza. Pamba hurudi, na hakuna dawa ya suruali iliyokatwa sawasawa dukani kisha ikapanda juu ya kifundo baada ya kufuliwa.

Hatua ya tatu: amua lini ifuliwe

Hapa ushauri wa mtandaoni unatoka kwenye nchi za baridi. Mwaka 2014 Chip Bergh, wakati huo mkurugenzi mkuu wa kampuni ya jinzi ya Levi Strauss, alisema hadharani kwamba jinzi aliyokuwa ameivaa ilikuwa na mwaka bila kufuliwa. Miaka mitatu kabla yake, Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada kilitangaza habari za mwanafunzi aliyevaa jinzi moja miezi 15 bila kuifua. Bakteria waliopimwa hawakutofautiana sana na waliokutwa baada ya kuifua na kuivaa tena kwa takriban wiki mbili. Sawa. Lakini Alberta hakuna Februari ya Mbagala, wala mtu hapandi gari la kusimama kutoka Gongo la Mboto hadi Posta.

Kwetu jasho lina chumvi, vumbi lina mchanga, na mchanga ukikaa kati ya nyuzi unazikata taratibu kila unapopiga hatua. Kuacha kufua kabisa nako ni kuiharibu. Kipimo changu ni pua na macho. Mtu wa ofisini mwenye kiyoyozi anaweza kuivaa mara tano sita kabla ya kuifua. Bodaboda au mmachinga anayeshinda barabarani afue baada ya siku mbili tatu. Katikati ya hapo, ukirudi nyumbani usiitupe kwenye kapu wala usiikunje kabatini ikiwa na jasho. Igeuze ndani nje, itundike mahali penye upepo hadi asubuhi. Harufu nyingi inaondoka hapo hapo.

Kuna wanaoshauri uiweke kwenye friza ili vijidudu vife. Havifi, baridi inavilaza tu, vikipata joto la mwili vinaamka. Acha friza ibaki na vibua vyake.

Hatua ya nne: doa moja halifulishi suruali nzima

Tope la masika liache likauke kabisa. Ukilifuta bichi unalisukuma ndani. Likikauka, lifikiche kwa mkono, libanduke, halafu pangusa kwa kitambaa chenye maji.

Mafuta ya chipsi au mishikaki: nyunyiza unga wa sembe au poda, uache unyonye nusu saa, kung'uta, kisha paka tone la sabuni ya maji ya vyombo na upapase kwa kidole. Grisi ya mnyororo wa pikipiki hutoka kwa njia hiyohiyo, ila kwa kurudia. Damu ni maji baridi tu. Ya moto yanaigandisha. Wino wa kalamu, kitambaa chenye spiriti, ukigonga bila kusugua na ukianzia mahali pasipoonekana. Bazoka ikiganda, weka barafu hadi ikauke, uikwangue kwa kijiko. Ubuyu wa rangi uwahi ukiwa bado haujakauka.

Utomvu wa korosho au wa embe usikusumbue. Hautoki. Nguo za kupandia miti ziwe zile za zamani.

Hatua ya tano: kufua

Toa kila kitu mfukoni, hasa karatasi za tishu. Funga kifungo na zipu, kwa sababu meno ya zipu iliyo wazi yanakwaruza kitambaa. Geuza ndani nje. Hili la kugeuza ni dogo na watu wanalipuuza, lakini ndilo linaloamua msuguano wote wa kufua utaangukia upande gani.

Maji yawe ya baridi. Dar hiyo inahitaji akili kidogo, maana ukifungulia bomba la tanki jeusi lililoko juu ya paa saa nane mchana, unapata maji ya kuogea mtoto. Chota asubuhi.

Sabuni ikoroge kwenye maji hadi iyeyuke yote, ndipo uizamishe suruali. Unga usioyeyuka unakaa kwenye mikunjo na kuacha mistari meupe. Wingi wa povu si wingi wa usafi. Kijiko kikubwa kimoja hadi viwili kwa beseni la suruali moja vinatosha. Sabuni ya maji ni bora zaidi. Sabuni ya mche itumie kwenye pindo na kiunoni tu, pale penye uchafu wa kushikika.

Loweka dakika 20 hadi 30. Ukiiacha ilale humo, uchafu uliotoka unarudi kwenye kitambaa, na ile nili iliyochujika inatia bluu mifuko ya ndani na uzi wa rangi ya chungwa. Kisha ikandamize kwa viganja, inua, kandamiza tena, maji yapite ndani yake. Fikicha kwa mikono pindo la chini, midomo ya mifuko na ukanda wa kiuno. Basi. Mapaja na magoti hayahitaji kitu zaidi ya hapo. Kama lazima ushike brashi, iwe laini, kwenye pindo peke yake, na nguo ikiwa mkononi. Saruji isiiguse.

Kama anayefua ni dobi au dada wa nyumbani, mwambie mapema na kwa heshima, usisubiri kulaumu: "Dada, hii naomba usiipige brashi. Iloweke nusu saa, fikicha pindo na kiuno, suuza, iache ichuruzike." Wengi wanapiga brashi kwa sababu wateja wanawapima kwa nguvu waliyotumia.

Maji ya kisima yana habari yake. Sehemu nyingi za Dar visima vina chumvi, sabuni inagoma kutoa povu, mtu anaongeza unga, kisha unga hausuuziki wote na jinzi inakauka ikiwa ngumu kama kadibodi, yenye ukungu wa weupe. Fulia hayo ukikosa mengine, lakini maji ya mwisho ya kusuuza yatafute ya bomba la DAWASA, au ya mvua yaliyokingwa kwenye bati baada ya mvua kusafisha paa. Nusu kikombe cha siki kwenye ndoo hiyo ya mwisho husaidia kung'oa mabaki ya sabuni. Hiyo ndiyo kazi ya siki kwenye jinzi. Suuza mpaka utelezi wa sabuni uishe. Usisubiri maji yawe meupe kabisa, kwa sababu bluu kidogo itatoka kila mara.

Usiinyonge. Ikunje kwa urefu, ikandamize kwenye ukingo wa beseni, itundike ichuruzike. Kukamua kwa kupindisha kunavunja mshono na kuacha mistari myeupe ya mikunjo ambayo haifutiki.

Mwenye mashine: ndani nje, maji baridi au nyuzi 30, mzunguko wa taratibu, usijaze. Zile za matangi mawili zina faida moja kubwa wakati wa masika, tangi la kukaushia. Dakika moja mbili humo na suruali inakauka siku hiyohiyo. Jiki iache mbali, hata kwa kipimo kidogo. Inakula nili, inadhoofisha pamba, na inaua nyuzi za kuvutika.

Hatua ya sita: kuanika

Jua linapausha. Sote tumeona pazia la upande wa dirisha. Jinzi ianike ndani nje, kivulini penye upepo: barazani, chini ya mwembe, au upande wa nyumba uliopitiwa na jua tayari. Kabla ya kuitundika ishike kiunoni uikung'ute kwa nguvu mara kadhaa, halafu vuta mishono ya pembeni kwa mikono ili inyooke. Kisha ibane kwa vibanio kwenye pindo za miguu, kiuno kikining'inia chini. Uzito wa kiuno unanyoosha miguu, na mara nyingi pasi haihitajiki. Ile ya kuvutika ipinde katikati juu ya kamba ili isirefuke.

Waya wenye kutu unaacha alama ya kahawia. Ua wa michongoma unachomoa nyuzi. Bati la paa linaiva kama kikaango. Kamba ya nailoni ni bei ndogo. Na ianue kabla ya giza. Umande utairudishia unyevu, na kama unakaa nyumba ya kupanga yenye uwanja wa wote, kuna watu ambao jinzi wanazipata usiku tu.

Pasi si lazima. Ukiamua, pigia ndani nje ikiwa na unyevu kidogo, na usiweke mstari wa mbele kama suruali ya kitambaa. Mstari huo ndio utakaopauka na kukatika.

Hatua ya saba: fundi, mapema

Jinzi haichaniki ghafla. Inatoa taarifa wiki nyingi kabla. Igeuze, tazama msamba na mapaja kwa ndani. Kwanza utaona vinyweleo, kitambaa kimekuwa laini kupita sehemu nyingine. Kisha nyuzi za bluu za wima zinakatika moja moja, zinabaki nyeupe za mlalo kama ngazi. Siku unapoiona ngazi hiyo ndiyo siku ya kwenda kwa fundi, hata kama nje hakuna anayeona kitu. Ukisubiri tundu lipite kidole, kiraka kitakuwa kikubwa, kigumu, na kitaonekana.

Fundi yupo kila mtaa, cherehani barazani au chini ya mwavuli. Tatizo ni kwamba ukimkabidhi suruali na kusema "nizibie hapa" atakuzibia hapo: atavuta pande mbili, ataziunganisha, na msamba utajikunja kila ukikaa. Mweleze unachotaka.

"Fundi, naomba uweke kiraka kwa ndani. Kitambaa kiwe cha jinzi nyepesi iliyochakaa kidogo."

"Sawa bosi. Nikizungushe mshono?"

"Usikizungushe tu. Pita juu yake kwenda na kurudi, kufuata nyuzi za bluu, kwa uzi unaofanana na suruali."

Kwa nini kitambaa kilichochakaa? Kiraka kipya kigumu kina nguvu kuliko kitambaa kinachokizunguka, kwa hiyo mpasuko unaofuata utatokea pembeni mwake. Kipite eneo lililolegea kwa sentimita mbili hivi kila upande, na kingo zake zisikunjwe, zibaki bapa, la sivyo zitakuchoma mapajani. Mishono ya kwenda na kurudi inasambaza mzigo. Muulize sindano aliyofunga: kwa jinzi iwe namba 16 au 18. Ndogo zaidi ya hapo inapinda au kukatika, na mshono unarukaruka. Kama kiraka kiko karibu na mfuko, mkumbushe asiushonee mfuko humo humo. Hutokea sana.

Pembe za mifuko zina historia yake. Vile vibonye vidogo vya shaba vilianza kwa fundi cherehani, Jacob Davis wa Reno, Nevada, ambaye wateja wake walikuwa wakichana mifuko kazini. Yeye na mfanyabiashara Levi Strauss, mwenye jina la ile kampuni, walipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya Marekani tarehe 20 Mei 1873. Kama kibonye kimeng'oka, mfuko utaanza kuchanika hapo. Mwambie fundi apigilie mshono mzito mfupi wa kwenda na kurudi kwenye pembe.

Kukata urefu, mwambie "nirudishie pindo lake." Fundi mzuri anakata juu ya pindo la kiwandani, kisha analishonea tena chini, na ule mpauko wake wa asili unabaki. Suruali inayoburuzwa kisiginoni ipunguzwe wiki hiyohiyo, kabla nyuma haijanyofoka.

Na tabia chache zinazompunguzia fundi kazi: ukivaa, vuta kwa ukanda wa kiuno, si kwa vishikizo vya mkanda. Badilisha mfuko wa simu mara kwa mara. Zipu ikigoma, isugue kwa mshumaa kabla ya kutumia nguvu. Na ukipanda bodaboda, mguu uwe mbali na bomba la moshi. Nyuzi za kuvutika zinayeyuka hapo, na kuyeyuka hakushoneki.

Nyeusi iliyopauka

Jinzi nyeusi haina uzuri wa kupauka walionao ndugu zake wa bluu. Inageuka rangi ya majivu. Hii inaweza kutiwa rangi upya kwa pakiti ya kuchemshia, na hapa sasa chumvi weka kama maelezo yanavyosema. Iwe ya pamba tupu, safi, isiyo na mafuta. Koroga muda wote, la sivyo utatoka na mabaka. Uzi wa mishono mara nyingi ni poliesta na hautashika rangi hiyo, hilo lisikushtue.

Kabatini, na baada ya hapo

Ikunje ikiwa kavu kabisa, maana unyevu wa Dar unaleta ukungu haraka, hasa kabati likigusa ukuta wa nje. Vidonge vya nondo havina kazi hapa: nondo wa nguo hula sufu na hariri, pamba hawaihangaikii.

Ikifika mwisho wake, magoti yamekwisha na msamba umekuwa viraka vitupu, kata kaptula kama bado juu pazima. Miguu usiitupe. Kitambaa cha nyuma ya mguu, chini ya goti, huwa hakijasuguliwa sana, kimelainika kwa kufuliwa tu, na ndicho kiraka bora utakachompelekea fundi kwa suruali inayofuata. Ng'oa zipu kama bado inatembea. Kifungo cha shaba kiache na kipande cha kitambaa chake, maana ukikilazimisha kitoke kinapinda.